Masikio ya Ng'ombe wa Malale

Kila asubuhi, kabla ng'ombe hawajaenda machungani, babu yangu Malale alikuwa anasimama langoni mwa zizi na kuwashika masikio. Mmoja mmoja. Ng'ombe anatoka, mkono wa kulia unashuka, kidole gumba na cha shahada vinabana ncha ya sikio la kushoto, vinaachia, anakuja mwingine. Hakuwa anahesabu. Kwetu Wasukuma mtu hataji idadi ya ng'ombe wake kwa mdomo, kufanya hivyo ni kuita hasara. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinajua. Akikosekana mmoja, mkono ulibaki hewani, naye anasema, "Simama hapo," na mchungaji anasimama, kwa sababu kweli kuna aliyepungua.

Alama yake ilikuwa pengo moja dogo kwenye ukingo wa sikio, kama jino lililong'oka. Ng'ombe wa baba yake walikuwa na pengo hilo hilo huko Maswa, na yeye alikuja nalo huku kijijini Mamba mwaka walipohama na ng'ombe, mama yangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Ukoo ukilala na njaa, ng'ombe wakiibwa, wakifa kwa ugonjwa wa ndigana, alama ilibaki ile ile.

Sitaki kumsifu. Shule nilisoma mpaka darasa la tatu, na aliyenitoa ni yeye. Mama alikuwa ameolewa tena Kapalamsenga, ziwani, akaniacha kwa bibi Nyanzala, na bibi magoti yalikuwa yamekataa. Babu hakugomba. Alisema tu, "Maji ya bibi yako yatatembea yenyewe kutoka mtoni?" Nikaweka daftari juu ya dari, na huko likaliwa na mchwa.

Watoto wake wa kiume wawili, Nashon na Methusela, aliwabana zaidi yangu. Nashon alikuwa mtu mzima, ana wake wawili na watoto wanaonizidi urefu, lakini kuchinja mbuzi mpaka aombe. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja mwenye alama yake. Wenzake wa rika lake walikuwa wanamtania kwenye pombe, "Nashon, wewe ni mwanaume au ndama?" Mara moja tu nilimsikia akimwomba babu amkatie hata ng'ombe watano. Babu alikuwa anakula. Alimeza tonge kwanza.

"Siku nitakayokufa, kata masikio yote unavyotaka," alisema. "Kabla ya hapo, ukigusa sikio la ng'ombe, nami nagusa la kwako."

Methusela alicheka. Nashon hakucheka. Niliona alivyoinamia sahani, na nikajua hayo maneno ameyaweka mahali.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka tisini na saba, majani yamekwisha na vumbi liko mpaka kwenye maziwa. Babu alisimama langoni kama kawaida. Mkono ulishuka juu ya sikio la ng'ombe wa kwanza ukateleza. Akautazama. Akajaribu kwa wa pili, ukateleza tena. Alifungua mdomo kusema "simama hapo," nadhani, lakini mdomo ulienda upande na sauti iliyotoka haikuwa neno. Akaanguka pale pale langoni. Ng'ombe hawajui kungoja, wakampita pande zote mbili bila kumkanyaga.

Siku hiyo hatukwenda hospitali. Nashon alikwenda kwanza, Methusela na mimi nyuma yake, kwa mfumu, mganga wetu, na kifaranga cha kuku kilichowekewa mate ya babu mdomoni. Kwa watu wasiotujua nieleze: kuku anapasuliwa, na mfumu anasoma vidoa vya damu chini ya mabawa na kwenye mifupa. Kuku hasemi nusu nusu. Akisema njia nyeupe, ni nyeupe. Akisema imefungwa, mnaanza kuandaa msiba. Kuku wa babu alisema njia ya kaskazini ni nyeupe, kwa hiyo kesho yake tukampakia juu ya lori la mpunga, mimi, bibi na wajomba wote wawili, tukapita porini kwenye mbung'o mpaka Sitalike, na jioni tukaingia Mpanda.

Hospitalini alikuwepo daktari kijana anaitwa Anselmo, Mnyamwezi, aliyekuja kutoka chuo kikuu kufanya utafiti wa watu wenye kiharusi. Alikuwa na sanduku la barafu na vikaratasi vyembamba ndani ya plastiki. Alimvuta babu damu mkononi, akadondosha matone kwenye kikaratasi, akatazama saa. Sisi sote tulikuwa tumesimama kuzunguka kitanda. Babu alikuwa amelala chali, jicho la kulia halifungi vizuri, la kushoto linatufuata mmoja mmoja kama alivyokuwa anafuata ng'ombe.

"Mshipa umeziba kichwani," daktari alisema. "Hapa hatuna mashine ya kuona ndani ya kichwa, nasema kwa dalili. Lakini hiki kipimo sio cha kichwa. Kinapima moyo."

"Mzee haumwi moyo," Nashon alisema. "Anaumwa mkono na mdomo."

"Naelewa, kaka. Ila moyo ukiumia, kuna kitu unamwaga kwenye damu. Na tumeanza kuona kwamba mtu mwenye kiharusi, akikutwa na hicho kitu kwenye damu yake, mara nyingi hainuki vizuri. Kikaratasi kikionyesha mstari mmoja, hicho kitu hakipo. Ikiwa miwili, kipo."

"Na mzee?"

Daktari alikigeuza kikaratasi ili tuone. Mistari ilikuwa miwili, myembamba, myekundu kwenye weupe.

Nashon alikiinamia. Methusela naye akainama juu ya bega lake. Niliwahi kuwaona wameinama hivyo hivyo siku moja kabla, juu ya mifupa ya kifaranga.

"Sema wazi, daktari. Maana yake nini?"

"Maana yake tuwe na wasiwasi. Katika watu kumi wa namna yake, saba, ndani ya miezi mitatu, wanafariki au wanabaki wa kitandani. Watatu wanainuka. Mzee wenu yuko kwenye saba au yuko kwenye watatu, hilo mimi sijui. Hiki kipimo ni kipya, ndiyo kwanza tunakichunguza."

"Unajua, ila hutaki kututia uchungu," Nashon alisema kwa adabu kabisa. "Tunashukuru. Miezi mitatu."

"Sikusema miezi mitatu ndiyo..."

"Tumekuelewa, daktari. Damu imeongea."

Nesi aliyekuwa anabadilisha shuka kitanda cha jirani aligeuka. Alikuwa anaitwa Pudensiana, Mfipa, mnene, mwenye sauti ya kufukuza kuku. "Nyie watu," alisema, "mnamjadili kama gunia la karanga. Huyo anasikia."

Daktari aliandika namba kwenye jalada la babu, akasema atampima tena baada ya siku tisini aone amefika wapi, na baada ya mwaka. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguuni. Nilisikia kumi, nilisikia saba, nilisikia watatu. Hesabu hiyo ilikuwa ya darasa la pili. Nilimtazama Nashon nikaona yeye hakusikia watatu. Kuku hana watatu.

Siku ya nne wajomba walirudi Mamba. Nashon alisema mvua iko karibu na mashamba hayajaguswa. Alisimama kitandani akamtazama baba yake kama mtu anavyotazama shamba alilokwisha kuvuna, halafu akasema, "Kaa salama, baba." Babu alitoa ile sauti yake. Nashon alishaelekea mlangoni.

Sisi tulihamia Kawajense, pale pale Mpanda, kwa mama mdogo Theopista, binti wa dada yake bibi, aliyekuwa amepanga vyumba viwili. Pudensiana alikuwa anakaa mtaa huo huo. Akitoka zamu anapitia kwetu, anamkalisha babu ukutani kwenye jua, anampa gunzi la mahindi kwenye mkono uliokufa.

"Bana."

Gunzi linaanguka.

"Bana, mzee. Hili gunzi ni mwizi wa ng'ombe. Unamwachia?"

Gunzi linaanguka. Mimi naokota. Hivyo kila siku, wiki mbili, wiki tatu, mpaka nikaona kidole cha shahada kimetetemeka kama mdudu aliyemwagiwa maji. Bibi alilia. Babu hakulia, alikitazama kile kidole kwa hasira, kama anamtazama mchungaji aliyechelewa kurudi.

Neno la kwanza lilikuwa "ngo." Pudensiana alimwambia, "Sema Pu-den-si-ana."

"Ngo."

"Mimi ndiyo ngo? Haya, basi nijengee na zizi."

Tulicheka wote, na upande mmoja wa mdomo wa babu ukapanda. Lakini bibi na mimi tulijua hiyo ngo ni ng'ombe. Hakuwa anataka chakula, hakuwa anataka kupelekwa kanisani wala kwa mfumu. Alikuwa anataka asubuhi moja kusimama langoni kwake na kushika masikio. Akiwekwa kwenye jua, uso wake tulikuwa tunaukuta umeelekea kusini, njia ya Mamba.

Pudensiana aliligundua hilo haraka. Alisema gunzi halimfundishi mtu kubana kitu chembamba, kwamba mkono hujifunza upesi kazi uliyoipenda. Akamuuliza, "Mzee, huu mkono ulikuwa unashika nini?" Babu alinyoosha mkono wa kushoto, akanishika sikio.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi nilipiga magoti mbele yake na yeye anauinua mkono wa kulia kwa kuusukuma na wa kushoto, anautua begani kwangu, vidole vinapanda shingoni vikitafuta. Mwanzo havikuwa na nguvu ya kushika hata jani. Mwezi ulipofika katikati niliona vinabana. Baadaye viliniuma, na nilifurahi kwamba vinauma.

Siku hizo hizo alikuja Ambrosi, Mpimbwe jirani yetu wa Mamba mwenye majaruba ya mpunga, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Lori lake lilikuwa la mwisho kupita kabla mito haijajaa. Aliingia uani akimwita bibi kwa sauti ya msiba, "Mama Nashon, pole, pole sana, ndiyo dunia..." akamwona babu amekaa ukutani, amevaa kofia, anamtazama.

"Yesu wangu," alisema. "Kumbe mzima?"

"Ngo," babu alisema.

"Mzima kabisa!" Ambrosi alikaa chini. Halafu alitucheka sisi, alijicheka yeye, akamwambia babu kwamba Wasukuma hata kufa hawajui, na babu mdomo ukapanda. Lakini niliona mikono ya Ambrosi inavyopapasa kofia yake. Bibi alimvuta nyuma ya jiko, mimi nikafuata na ndoo kama naenda kuosha vyombo.

"Mama, mimi nilidhani tumeshazika," Ambrosi alisema chini chini. "Wanao wamegawana ng'ombe na kukata masikio zizi zima. Juma lile lile waliloshuka kutoka huku. Nashon amekata ncha, Methusela amepasua katikati. Nikauliza, mzee amefariki lini? Nashon akaniambia, daktari amesoma damu, mzee ana miezi mitatu, na masikio yakikatwa mvua ikiwa imeanza yanaingia funza. Ni kweli yanaingia funza. Sasa ningebishaje?"

Bibi alikaa kwenye kinu. "Na mimi?" aliuliza.

"Wewe uko upande wa Methusela. Amekutengea wa maziwa wanne."

Ambrosi alipoondoka, bibi alinishika mkono. Hakuwa mtu wa kushika mikono. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hukusikia. Akijua leo, kesho hainui hata kidole. Mwache apone kwanza." Halafu akasema kama anajisemea, "Wanne wa maziwa."

Kesho yake asubuhi nilipiga magoti kama kawaida. Vidole vya babu vilikuja vikashika ncha ya sikio langu, vikabana, vikaachia, vikabana. Uso wake ulikuwa karibu na wangu. Nilitazama vifungo vya shati lake. Nilikuwa na maneno yote mdomoni na nikayameza, siku hiyo, na iliyofuata, na miezi yote. Watu wanasema mimi ni mpole. Sio upole. Mtu asiyesema anaonekana mpole.

Mvua ile iliyoitwa Elnino ilikuja ikakata kila kitu. Habari kutoka Mamba hazikuja, na zetu hazikwenda. Mwezi wa kwanza siku tisini zilitimia, na daktari Anselmo akarudi na sanduku lake. Alimwambia babu anyanyuke. Babu alinyanyuka na gongo, akaenda mpaka mlangoni akiburuta mguu, akarudi. Daktari alimpa vidole viwili avibane, babu akabana mpaka daktari akasema basi.

"Wewe uko kwenye wale watatu, mzee," alimwambia, na alikuwa na furaha ya kweli, hata mimi niliiona. "Umenipinga kwenye karatasi yangu. Nitaandika hivyo hivyo, kwamba umenipinga."

"Nyu-mba-ni," babu alisema. Alikuwa tayari ana maneno kama ishirini, anayatoa moja moja kama anatoa mwiba.

"Barabara ikifunguka."

Ilifunguka mwezi wa tano. Pudensiana alikuja kutuaga kwenye lori, akamfunga babu vifungo vya koti akamwambia, "Ukiwashika hao ng'ombe, mmoja mwite jina langu." Babu alimshika sikio. Gari zima lilicheka, na Pudensiana alifuta macho kwa kitambaa cha kichwani.

Njiani nilidhani bibi atamwambia babu kabla hatujafika. Tulipita Sitalike, tukapita pori, tukapita Kibaoni, hakumwambia, na mimi sikumwambia. Kila mmoja alikuwa anamngojea mwenzake.

Tulifika mchana. Watoto walikimbia kwanza, halafu wake wa Nashon wakatoka wakapiga magoti mbali mbali, hawajui wapige vigelegele au walie. Nashon alitoka nyumba ya babu. Ndiyo, alikuwa anakaa nyumba ya babu. Alisimama mlangoni, shati liko wazi.

"Baba," alisema. "Karibu."

Babu alimtazama yeye, akautazama mlango, akaenda kukaa kwenye kigoda chini ya ukuta wa ghala kama mgeni aliyefika asubuhi kuuliza njia. Alikunywa maziwa. Jioni hiyo ng'ombe waliporudi walipitishwa nyuma ya nyumba, kwa lango la pili ambalo hatukuwa nalo zamani. Methusela alisema lile la mbele limeoza.

Hapa nisimame kidogo. Wiki hii imekuja fomu kutoka kwa daktari Anselmo, imeletwa na mtu wa zahanati, ile ya mwaka mmoja. Inauliza hali ya mgonjwa. Kuna viboksi vitatu: amepona, hajapona, amefariki. Chini kuna mstari wa kuandika kama kuna maelezo. Nashon hajui kusoma vizuri, akanipa mimi nijaze. Nimekaa nayo siku tatu. Kwenye boksi hakuna pa kuweka alama, na kwenye mstari mmoja haya hayaenei. Ndiyo maana nimeyaandika hapa, kuanzia asubuhi za zamani mpaka hiyo asubuhi ya kesho yake.

Kulipokucha tu babu alikuwa ameshasimama kwenye lango la mbele. Halikuwa limeoza. Alikuwa amesimama palepale pake, ameegemea nguzo, gongo kwapani, mkono wa kulia tayari. Mchungaji alimtazama Nashon, Nashon akatazama chini, na babu akasema, wazi kabisa, "Fungua."

Ng'ombe wakaanza kutoka. Mkono ulishuka juu ya wa kwanza. Vidole vilibana mahali pa ncha, na ncha haikuwepo. Vilibana hewa. Nilimwona akivitazama vidole vyake kama siku ile alipoanguka, akidhani ni vyenyewe vimemwacha tena. Akajaribu kwa wa pili. Ncha hakuna. Wa tatu, sikio limepasuliwa vipande viwili. Wa nne. Hapo akaacha kuvitazama vidole. Akafumba macho na akaendelea, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, na kila sikio alilipapasa ukingo wote taratibu, kama mtu anayesoma.

Lile pengo la baba yake, kwa ng'ombe wa Methusela, lilikuwa bado linaonekana. Kwa wa Nashon lilikuwa limekwenda na ncha.

"Lini?" babu aliuliza.

Nashon alipiga goti. Hilo nalo niliandike, alipiga goti kwa heshima. "Mwezi wa pili, baba. Habari zenu zilipotea, mvua imekata njia, miezi mitatu imekwisha. Tukajua tumekwisha kukukosa. Tuliumia sana."

Babu alikwenda kwenye kijizizi cha ndama, gongo linachimba matope. Walikuwepo ndama saba au nane waliozaliwa wakati wa mvua, wa mwezi wa kumi na mbili, wa mwezi wa kwanza, wakubwa tayari wana vipembe. Alimshika mmoja sikio. Akamshika mwingine. Masikio mazima yote, laini, hayajaguswa na kisu. Kama wangekata mwezi wa pili, na hao wangekatwa.

Alirudi akamshika ng'ombe mkubwa wa karibu, akaupapasa ukingo wa kovu. Manyoya yalikuwa yameota mpaka juu yake.

"Mvua," alisema. "Bado." Akatafuta neno lingine, tukalingoja. "Kabla ya mvua. Mimi... kitandani. Wiki moja."

Methusela aliondoka akaenda kusimama nyuma ya ghala. Nashon aliinuka kutoka kwenye goti lake, na uso ukabadilika. Mtu akikamatwa na uongo hukasirika.

"Sasa baba, sisi tungefanyaje? Daktari alisoma damu mbele yako. Mistari miwili! Nyie wote mlikuwepo mkaona. Nani hapa hakuona?"

"Alisema watatu wanainuka," nilisema.

Sijui ilitoka wapi. Wote walinigeukia, hata bibi.

"Alisema kati ya kumi, watatu wanainuka. Alisema hajui babu ni wa wapi."

Nashon alinitazama. "Na wewe ulikuwepo," alisema. "Miezi saba ulikuwa na huo mdomo. Ungesema." Babu akanitazama pia. Kwenye yale macho niliona ameelewa jambo jingine: kwamba asubuhi zote zile za Kawajense, alipokuwa ameshika sikio langu, nilikuwa najua.

"Tutaita wazee," Nashon alisema, sasa kwa sauti ya kubembeleza. "Tutachinja, tutaongea. Watakaozaliwa tutawakata alama yako. Lakini baba, sikio lililokatwa halishonwi. Na wewe mwenyewe ulisema. Mbele ya Methusela, mbele ya huyu mtoto. Siku utakayokufa tukate. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema," babu alisema.

Lilikuwa neno lililonyooka kuliko yote aliyowahi kutoa tangu augue. Pudensiana angepiga makofi.

Kisha akamgeukia bibi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, magoti yake mbele, na mmoja wa wale wanne wa maziwa alikuwa amesimama karibu yake akingoja kukamuliwa. Babu alimtazama yeye, akamtazama ng'ombe, akaona mpasuo kwenye sikio. Bibi aliinua mkono kama anataka kueleza, ukarudi mapajani.

"Basi," babu alisema. "Nilikufa."

Alivuta kofia ikakaa vizuri. Mchungaji alipiga mluzi, ng'ombe wakaelekea kushoto, machungani, matope na kinyesi na sauti za kengele. Babu alipita katikati yao, wakampisha, akafika njia panda akakata kulia, kwenye barabara ya lori. Mguu mmoja unatembea, mmoja unaburutwa, gongo linaacha vitundu kwenye udongo uliolowa. Nashon aliita mara moja, "Baba!" Hakuita mara ya pili. Mimi nilimfuata mpaka kwenye nyumba ya Ambrosi, na pale babu, bila kugeuka, aliinua ule mkono wa kulia, alioufundisha kwa sikio langu, akaniashiria nirudi.

Nilirudi. Yeye hakurudi, mpaka leo.